Kaa, Ukaa na Bahari: Maneno kwa Watu wa Dodoma

Hotuba hii niliitoa jioni moja ya Novemba katika ukumbi wa shule hapa Dodoma, mbele ya wanafunzi, wazazi na wakulima. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee wetu, wazazi, na ninyi vijana mliojaa kule nyuma hadi madirishani: asalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa wenyeji wa nchi hii, mbukwenyi!

Nimeombwa nizungumze juu ya bahari. Pale mlangoni, kabla hatujaingia, mzee mmoja alinishika mkono akaniuliza: "Mwalimu, bahari ya nini huku kwetu? Sisi shida yetu mvua." Mzee wangu, nakuona umeketi mstari wa mbele. Nakuomba univumilie, maana nitakayoyasema yote ni jibu la swali lako.

Mimi ni mtoto wa Delta ya Rufiji. Nimekulia kwenye tope na maji ya chumvi. Hapa Dodoma huu ni mwaka wa kumi na nne nafundisha jiografia, na watoto wangu wawili wamezaliwa hapa na wanakula mlenda kuliko samaki. Kwa hiyo ninaposema "kwetu" leo, nina maana ya pande zote mbili.

Kiswahili kina neno moja dogo, kaa. Kuna kaa la moto, lile jekundu kwenye jiko, na kutoka humo tumepata makaa, mkaa na ukaa. Kuna kaa wa pwani, mwenye magando, anayetembea upande. Na kuna kukaa, yaani kutulia mahali usiondoke. Jioni hii nitazihitaji kaa zote tatu.

Nianze na ile ya jikoni. Ukichoma mkaa, ukawasha pikipiki, au kiwanda cha mbali kikachoma makaa ya mawe, kaboni iliyokuwa imetulia ndani ya mti au chini ya ardhi inaungana na oksijeni na kupaa ikiwa hewa ya ukaa. Kabla ya enzi ya viwanda, katika kila chembe milioni moja za hewa, kama 280 zilikuwa za hewa ya ukaa. Leo zimepita 420. Tunalijua hilo kwa sababu mwaka 1958 Mmarekani Charles David Keeling alianza kuipima hewa juu ya mlima Mauna Loa, kisiwani Hawaii, na wengine wameendelea na kazi hiyo hadi leo. Tangu hapo wastani wa kila mwaka umekuwa juu kuliko wa mwaka uliotangulia.

Binadamu tunatoa takribani tani bilioni 40 za hewa hiyo kwa mwaka. Nisisitize neno moja la haki hapa: Afrika nzima, pamoja na wingi wetu, inatoa chini ya asilimia 4 ya hewa ya ukaa itokanayo na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Mkulima wa Kongwa anayeangalia mtama wake ukinyauka hakuuwasha moto huu. Nalisema hili kila mahali ninapoitwa, na nitaendelea kulisema.

Sasa, ingekuwa tani zote hizo zinabaki angani, dunia ingekuwa imeshachemka kupita hapa tulipo. Hazibaki zote. Misitu na udongo huchukua sehemu yake, na karibu robo, kama tani bilioni 10 kila mwaka, inaingia baharini. Bahari inatubebea moshi wetu, na hatujawahi kuilipa.

Inaubebaje? Vijana wa kidato cha tatu, hapa nawahitaji. Chukueni soda mbili. Moja itoke kwenye friji, nyingine iacheni nje saa nzima, na jua la Dodoma mnalijua. Zifungueni. Ya moto itafoka na kuwamwagikia, ya baridi itapumua kidogo tu. Gesi iliyomo ni ile ile hewa ya ukaa. Maji ya baridi huishika, maji ya moto huiachia. Karibu na ncha za dunia, maji ya bahari ni ya baridi kali. Humeza hewa ya ukaa, na kwa kuwa yana ubaridi na chumvi huwa mazito, yakazama hadi kilindini. Yakishazama hutambaa gizani polepole sana, miaka mia kadhaa, mengine hata elfu moja, ndipo yaibuke tena mahali pengine. Yapo maji yanayoibuka leo ambayo mara ya mwisho kuonana na hewa, Kilwa ilikuwa inapokea majahazi yenye dhahabu ya Sofala. Nikiwaza hilo huwa nanyamaza kidogo.

Na gesi hiyo ikiingia majini haibaki gesi. Nyingi hugeuka kuwa bikaboneti, ndugu wa yale magadi tunayotia kwenye mlenda. Kwa njia hiyo bahari imeweka kaboni takribani mara 50 ya ile iliyo angani yote.

Hiyo ni njia ya maji yenyewe. Ya pili ni ya viumbe, na hii ndiyo inayonipendeza zaidi kuifundisha.

Juu ya bahari, pale jua linapofika, kuna vijimea vidogo ambavyo bila hadubini huvioni. Vinaitwa planktoni wa mimea. Ukisimama ufukweni Bagamoyo utaona maji tu, lakini ndani yake kuna shamba. Vijimea hivyo vinafanya karibu nusu ya usanisinuru wote wa dunia hii, yaani kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, sawa na misitu, nyika na mashamba ya nchi kavu yakiwekwa pamoja. Vinavuta hewa ya ukaa, vinajijenga miili, vinaishi siku chache, vinakufa au vinaliwa na vijidudu wadogo kama uduvi. Nao wanakunya, wanakufa, wanaliwa. Mabaki hayo yote huanza kushuka.

Akina mama mnaopepeta uwele asubuhi mnakijua kitu hiki. Jua likipenya dirishani, unaliona lile vumbi la pumba likielea na kushuka pole pole, halina haraka. Ndivyo ilivyo ndani ya bahari, usiku na mchana, miaka yote: vumbi la uhai linashuka gizani. Sehemu kubwa inaliwa njiani na kurudi kuwa gesi. Kidogo sana hufika sakafuni na kuzikwa. Lakini kinachofika kilindini, hata kisipozikwa, kimetengwa na hewa kwa muda mrefu. Wanasayansi wanakadiria kwamba shughuli hii ikisimama, hewa ya ukaa angani ingeongezeka kwa chembe 150 hadi 200 katika kila milioni. Jumlisheni na 420 zile, mtaona tunazungumzia dunia nyingine.

Kila usiku, viumbe wadogo wasiohesabika hupanda kutoka kilindini kuja kula juu, na alfajiri hushuka tena kujificha, wamebeba kaboni tumboni. Nyangumi nao wamo. Wale wenye nundu hupita pwani yetu kati ya Julai na Novemba kuja kuzaa, na mmoja akifa na kuzama, mzoga wake huwalisha viumbe wa sakafuni kwa miaka mingi. Watu wanapenda sana habari ya nyangumi. Mimi pia. Ila kwa hesabu ya kaboni, kazi kubwa ni ya wale wasioonekana, na ni haki wapewe sifa yao.

Sasa nirudi nyumbani, kwenye tope.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mkata boriti huko delta. Alinifundisha miti kwa majina kabla sijajua kusoma: mkoko wenye mizizi kama magongo, mchu unaochomoza vijiti vya kupumulia topeni, msinzi wa boriti, mkandaa ambao gome lake hutoa rangi, mkomafi wa kuundia mitumbwi. Nyumba za mawe za miji ya kale ya Waswahili zimeezekwa kwa boriti za mikoko, na majahazi yalizibeba hadi Uarabuni, mahali penye uhaba wa miti.

Siku moja babu alinituma nichomoe nanga ya zamani ya mtumbwi iliyokuwa imezama topeni. Nilipoivuta, tope lilitoa harufu ya mayai viza, nikakimbia. Akaniambia, "Tope hilo halijapumua tangu sijazaliwa." Nilikuja kuielewa sentensi hiyo chuoni, miaka mingi baadaye. Tope la mikokoni halina oksijeni. Jani likianguka shambani kwako Bahi, mchwa na vijidudu watalimaliza kabla ya masika nyingine, na kaboni yake itarudi hewani. Jani la mkoko likizama kwenye tope lile linaoza kwa taabu sana, karne na karne. Ile harufu mbaya ni dalili kwamba hewa haijafika pale.

Na ni nani anayelizika jani? Hapa ndipo anapoingia kaa wa pili. Maji yakipwa, kaa wa mikokoni anatoka shimoni, anashika jani lililoanguka, analivuta ndani ya tundu lake. Mengine anakula, mengine yanabaki chini. Nimewahi kukaa juu ya mzizi wa mkoko nikiwatazama hadi maji yakajaa tena. Kaa anazika ukaa, na ukaa unakaa. Sikubuni mimi maneno hayo, ni lugha yetu imeyaweka tayari, ikatusubiri tujifunze maana yake.

Hekta moja ya mikoko inaweza kushika kaboni mara 3 hadi 5 ya hekta moja ya msitu wa nchi kavu, na sehemu kubwa haimo kwenye shina bali kwenye tope. Delta ya Rufiji ina hekta zipatazo 50,000 za mikoko, eneo kubwa kuliko lolote katika pwani ya Afrika Mashariki. Karibu yake, kuelekea Mafia na Kilwa, zipo nyasi bahari, malisho ya nguva na kasa. Nyasi hizi zinafunika chini ya asilimia 0.2 ya sakafu ya bahari duniani, lakini zinachangia kama asilimia 10 ya kaboni inayozikwa baharini kila mwaka. Watu huzikanyaga wakienda kuogelea na kuzilalamikia kwamba zinawasha miguu.

Niseme na jambo moja linalochanganywa. Nasikia mara nyingi kwamba matumbawe nayo yanatuwekea ukaa. La. Tumbawe likijenga chokaa yake, kikemia linaachia hewa ya ukaa kidogo. Tuyatunze matumbawe kwa sababu ndiyo nyumba ya samaki na ukuta wa pwani, hiyo inatosha. Hatuhitaji kuyapa kazi yasiyoifanya.

Ghala hili la tope lina udhaifu: linafunguka. Nimeona kwa macho yangu sehemu za delta zilizofyekwa kwa ajili ya mpunga. Mavuno ya kwanza yanakuwa mazuri, kisha magugu na chumvi yanashinda, mkulima anasogea mbele kufyeka tena. Siwalaumu, wengine ni ndugu zangu wa damu na wana watoto wa kulisha. Lakini tope lililofunuliwa likakauka, likapata hewa, linaanza kuoza kile lilichokuwa limekihifadhi tangu zamani za mababu. Ukikata mti unaweza kupanda mwingine. Tope la miaka mia tano hulipandi.

Ndiyo maana nawapenda jirani zetu wa Gazi, kusini mwa pwani ya Kenya. Mwaka 2013 wanavijiji wa Gazi na Makongeni walianza mradi wa Mikoko Pamoja, hekta 117 tu, wakawa wa kwanza duniani kuuza kaboni iliyohifadhiwa na mikoko. Wanahesabiwa kama tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka. Fedha ikaenda kwenye maji ya bomba na shule. Biashara ya kaboni ina mengi ya kuulizwa, hasa nani anaandika mkataba na mwanakijiji anabaki na nini, na mkisikia imekuja kijijini kwenu ulizeni kwa sauti. Ila pale Gazi wanaoamua ni wenye mikoko.

Sasa gharama. Bahari inapotubebea mzigo huu, inaumia. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada la dunia limeingia ndani yake. Na hewa ya ukaa ikikutana na maji hutengeneza asidi. Tangu enzi za viwanda zianze, asidi ya maji ya juu ya bahari imeongezeka kwa takribani asilimia 30. Bahari haijawa siki, msije mkaogopa kuogelea. Lakini chukueni ganda la yai mlitie kwenye siki usiku, mlitazame asubuhi. Chaza, kome, konokono wa bahari, hata baadhi ya wale planktoni, wote wamevaa chokaa. Kwao, kila mwaka kujenga ganda kunakuwa kazi ngumu zaidi.

Mwaka 1998 joto liliyachoma matumbawe ya Bahari ya Hindi magharibi yakawa meupe kama mifupa. Nilikuwa mtoto, nakumbuka wavuvi wakirudi na kusimulia kwa sauti ya chini, kama watu waliotoka msibani. Na Zanzibar, akina mama wa Paje na Jambiani waliolima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, wameona ule wa bei nzuri, kotonii, ukifa kwenye maji ya kina kifupi yaliyopata joto. Baadhi yao wamelazimika kujifunza kulima kwenye maji marefu, nao wengi hawakufundishwa kuogelea.

Na mkumbuke ile soda. Maji yakizidi kupata joto, uwezo wake wa kushika hewa ya ukaa unapungua.

Mzee wangu, sasa nafika kwako.

Mvua unayoingoja Desemba, sehemu kubwa yake ilikuwa bahari. Upepo wa kaskazi unapovuma, na jua likiwa upande wetu, unyevunyevu wa Bahari ya Hindi unaingia bara na kutufikia, ukishapungua sana njiani. Bahari ikibadilika joto, mvua yetu inayumba. Mwishoni mwa mwaka 2019 upande wetu wa Bahari ya Hindi ulipata joto kupita kawaida, na Afrika Mashariki ikapata mafuriko. Watu wa reli wanajua ni mara ngapi maji yamekula tuta kati ya Kilosa na Gulwe.

Na maji yale yanayokula tuta yametoka wapi? Yametoka kwetu. Mto Kinyasungwe unakusanya maji ya Dodoma, Kongwa na Mpwapwa. Bwawa la Hombolo limejengwa kwenye mkono wake mmoja. Unashuka, unakutana na Mkondoa, unaingia Wami, na Wami unamwaga baharini karibu na Saadani, kwenye mikoko. Upande wa kusini, Kizigo unaingia Mtera, Mtera ni Ruaha Mkuu, Ruaha unaingia Rufiji, na Rufiji ni nyumbani kwetu. Maji ya Kondoa yanayopita mto Bubu huishia kwenye mbuga ya Bahi, hayo siyahesabu. Mengine mengi, tone likinyesha shambani kwako lisipokauka, lina safari hadi kwa yule kaa.

Linabeba udongo. Na hapa mambo si mepesi. Mikoko inahitaji tope. Delta ni tope la bara, bila sisi isingekuwepo. Mabwawa yanapozuia tope lote, delta inakonda. Lakini makorongo yetu yakibomoka kwa mkupuo, mafuriko yanamwaga tope jekundu linalofunika nyasi bahari zikakosa mwanga. Tena udongo huo wa juu ndio wenye mboji, ndio wenye kaboni ya nchi kavu, ndio uliokuwa uoteshe mtama wako. Kondoa wanalijua hili: mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa sababu vilima vilikuwa vimebaki mifupa.

Kwa hiyo unapochimba makinga maji, unapochimba matuta ya fanya juu na fanya chini, unapoacha kisiki hai kichipue badala ya kuking'oa, unafanya kazi ya bahari ukiwa Chamwino. Nakuambia hivi kama mtu niliyeona ncha zote mbili za mto. Mama yangu bado anachokoa kome kule delta. Hajui jina la Kinyasungwe wala Kizigo, lakini rangi ya maji yanayomfikia anaijua kila masika.

Vijana, nina ombi. Mvua ya kwanza kubwa ikinyesha, mto ukishuka, msiingie majini. Mkiwa darajani, na mwalimu akiwepo, teremsheni ndoo kwa kamba. Jazeni chupa safi, andikeni tarehe na mahali, iwekeni juu ya kabati la darasa msiitikise siku tatu. Pimeni kwa rula tope lililotua. Fanyeni hivyo kila mvua kubwa hadi Aprili. Mimi nimeshamwambia mpwa wangu aliyeko delta, naye atajaza zake kule. Juni tutaziweka zote hapa mezani, za kwenu na za kwake, zikiwa zimepangwa kwa tarehe, na mzee wangu wa mstari wa mbele nitakufuata mwenyewe nyumbani uje uzione.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.